Homa Isiyoisha na Mbuzi Aliyetupa Mimba

Je, umewahi kuona homa ya namna hii? Mtu anaamka asubuhi akiwa na nafuu. Anachukua jembe, anakwenda shambani. Jioni mwili unachemka. Usiku anatoka jasho mpaka shuka inalowa. Viungo vinauma, kiuno kinauma, hamu ya chakula hakuna. Baada ya siku chache homa inatulia, naye anasema, "Nimepona." Wiki inayofuata homa inarudi.

Watu wengi husema hiyo ni malaria. Wengine husema ni uchovu wa kazi, au uzee, au mkono wa mtu. Huenda ikawa malaria kweli, na ni lazima upimwe. Lakini kama nyumbani kwako kuna mbuzi, liko jambo jingine la kufikiri. Jambo hilo nitalieleza leo. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

BABA ALIYEKUJA MARA TATU

Mimi ni mganga msaidizi katika zahanati ya kijiji, Mkoa wa Dodoma. Baba mmoja wa makamo alikuja kwangu akilalamika homa na maumivu ya kiuno. Nilimpima malaria kwa kile kipimo cha tone la damu. Hakuwa na malaria. Nikampa vidonge vya kutuliza maumivu, nikamwambia apumzike.

Baada ya wiki mbili alirudi. Safari hii alikuwa amekwisha kununua dawa ya malaria dukani na kuimeza yote. Nikampima tena. Hana malaria. Mara ya tatu alikuja akiegemea fimbo. Suruali yake ameifunga kwa kamba, kwa jinsi alivyokonda.

Mara zote tatu nilimwuliza habari za choo, habari za kikohozi, habari za chakula. Swali moja sikumwuliza: "Baba, unafuga nini?" Katika kijiji ambacho karibu kila nyumba ina mbuzi, mimi sikuuliza habari za mbuzi.

Jibu nililipata kwa bahati tu. Siku moja nilikuwa napita kukagua vyoo, nikafika kwake.

Ni nyumba ya kupendeza. Nyuma yake kuna bustani ya mama mwenye nyumba. Humo mna mchicha, kunde na nyanya, na maboga yametambaa mpaka juu ya ua. Maji ya kuoshea vyombo hayamwagwi ovyo, yanapelekwa bustanini. Zizi liko hatua chache kutoka mlangoni, nalo lina mbuzi kumi na wawili. Samadi ya zizini ndiyo mbolea ya mboga. Kila asubuhi mama hukama. Maziwa mengine hunywewa na watoto, mengine hutiwa kibuyuni yagande. Wanambuzi hulala ndani pamoja na watoto, maana nje kuna fisi. Kama ungetaka kumwonyesha mtu maana ya kujitegemea, ungempeleka pale.

Mama alinipa kigoda, akaniletea kata ya maziwa ya mgando. Nilipokuwa nikiipokea, nikamwona mbwa katikati ya matuta ya mchicha. Alikuwa anatafuna kitu chenye damu na utando. Nikauliza ni kitu gani.

Mama akajibu bila wasiwasi, "Ni kondo la yule mbuzi mweupe. Ametupa mimba usiku. Ni wa tatu tangu mavuno."

"Nani aliyemsaidia, mama?"

"Si baba yao! Kondo lilikataa kutoka, akalivuta kwa mkono."

"Na wale wawili wa kwanza?"

"Ni yeye vilevile."

"Na maziwa haya mmeyachemsha?"

Akacheka. "Maziwa yakichemshwa yanapoteza utamu, Daktari."

Niliiweka ile kata chini. Hapo ndipo nilipokielewa kiuno cha yule baba.

NI UGONJWA GANI?

Wataalamu huuita ugonjwa huu bruselosisi. Wafugaji wengi huujua kwa jina la ugonjwa wa kutupa mimba. Unaletwa na vijidudu vidogo sana ambavyo jicho haliwezi kuviona. Vijidudu hivyo hukaa katika tumbo la uzazi la mbuzi na katika kiwele chake. Ng'ombe na kondoo nao hupata ugonjwa huu.

Unajua kwamba mbuzi hubeba mimba kwa muda wa miezi mitano. Mwenye ugonjwa huu mara nyingi hutupa mimba katika miezi miwili ya mwisho. Kitoto hutoka kimekufa, au hutoka kikiwa dhaifu na kufa baada ya muda mfupi. Pengine kondo la nyuma hukataa kutoka. Beberu naye huweza kuvimba mapumbu.

Sasa sikiliza sana, maana hapa ndipo wafugaji wengi wanapodanganyika. Mbuzi akishatupa mimba, siku chache baadaye anakula majani kama kawaida. Ananenepa. Anapandwa tena, na mara ya pili anaweza kuzaa salama kabisa. Wewe unasema amepona. Lakini vijidudu bado vimo ndani yake. Vinatoka katika maziwa. Vinatoka tena katika majimaji siku anapozaa. Mbuzi huyu mwenye afya machoni pako anaweza kuwagonjesha watu wa nyumba nzima.

Vijidudu huingia kwa binadamu kwa njia ya maziwa mabichi. Huingia pia kwa njia ya mikono, hasa mikono yenye michubuko, na mkulima gani hana michubuko? Ukimzalisha mbuzi kwa mikono mitupu, ukashika damu, majimaji au kondo, vijidudu vinapita katika michubuko hiyo. Majimaji yakirukia jichoni ni hatari vilevile. Hata vumbi la zizi ambamo mbuzi ametupa mimba huweza kuvibeba, ukalivuta puani.

Kutoka mtu hadi mtu ni nadra sana. Kwa hiyo usimtenge mgonjwa. Kula naye, kaa naye.

Ugonjwa hauanzi siku ileile. Mara nyingi huanza baada ya wiki mbili hadi nne, na pengine baada ya miezi kadhaa. Wakati huo mtu amekwisha kusahau habari za mbuzi. Mgonjwa hafikirii zizi, na mganga asipouliza, naye hafikirii.

MAZIWA YA MALTA

Huu si ugonjwa wa jana. Malta ni kisiwa kidogo katika Bahari ya Kati. Zamani kisiwani humo walikaa askari wengi wa Uingereza. Askari hao waliugua homa ndefu isiyoeleweka, na baadhi yao walikufa. Mwaka 1887 daktari mmoja wa jeshi, jina lake David Bruce, aliviona vijidudu vya homa hiyo. Lakini hakuna aliyejua vinatoka wapi. Watu walidhani ni hewa mbaya, au uchafu wa bandari.

Miaka 18 ilipita. Mwaka 1905 daktari mwenyeji wa Malta, Themistocles Zammit, alipima damu ya mbuzi wa kisiwani. Mbuzi hao walikuwa wazima machoni. Walipitishwa mitaani na kukamwa mlangoni pa mnunuzi, maziwa yangali na moto wa kiwele. Zammit akakuta ugonjwa umo ndani yao. Mwaka 1906 askari wakakatazwa maziwa mabichi ya mbuzi, na homa ikapungua upesi sana miongoni mwao. Hawakupewa dawa mpya. Waliacha maziwa mabichi tu.

MAZIWA YACHEMKE

Najua maziwa ya kuchemsha yana ladha nyingine. Mimi mwenyewe nimekuzwa kwa maziwa mabichi, na kuzoea haya mengine kulinichukua siku nyingi. Lakini ladha huzoeleka.

Kuchemsha si kupasha moto. Weka sufuria motoni mpaka maziwa yatokote na kupanda juu. Yakoroge yasimwagike, uyaache yatokote tena kidogo. Kisha yaepue na kuyafunika. Kama kuni ni tabu, yachemshe asubuhi kwa moto uleule wa uji. Na uji wa mtoto ni rahisi zaidi: mimina maziwa ndani ya uji ungali jikoni, yachemke pamoja nao. Usiyamimine wakati uji umekwisha epuliwa.

Na maziwa ya mgando? Watu wengi huamini kwamba ukali wa mgando unaua vijidudu. Wengine huamini moshi wa kibuyu. Hapana. Vijidudu hivi huweza kuishi katika maziwa yaliyoganda. Chemsha maziwa kwanza. Yapoe mpaka yawe vuguvugu. Ndipo uyatie kibuyuni pamoja na mgando kidogo ulionao, uliotokana na maziwa yaliyochemshwa. Yataganda vizuri. Kibuyu cha zamani kilichozoea maziwa mabichi ni vigumu kukisafisha ndani. Anza na kipya.

Usiache kumpa mtoto maziwa kwa sababu ya habari hii. Maziwa ya mbuzi ni chakula bora, na mtoto wa kijijini anayahitaji. Tunachokataa ni ubichi.

MBUZI ANAPOZAA AU KUTUPA MIMBA

Usimshike kwa mikono mitupu. Glavu huuzwa katika maduka ya dawa. Kama huna, vaa mikononi mifuko ya nailoni iliyo mizima, isiyotoboka, uifunge vizuri. Kondo likikataa kutoka, usilivute. Mwite Bwana Mifugo. Ukimaliza, nawa kwa sabuni na maji mengi mpaka viwikoni, na nguo ulizovaa zifuliwe.

Mwanamke mwenye mimba asikaribie kabisa. Ugonjwa huu unaweza kumfanya naye mimba yake itoke. Katika ile nyumba niliyokueleza, mke wa mtoto wao mkubwa alikuwa na mimba ya miezi sita, naye ndiye aliyefagia zizi kila siku. Kati ya watu wote wa pale, huyu ndiye aliyenitia hofu zaidi. Tangu siku ile ufagio wa zizi ukahamia kwa mumewe. Kijana alinuna kidogo, maana kwao kufagia zizi ni kazi ya wanawake.

Kitoto kilichokufa na kondo lake visitupwe jalalani, wala visipewe mbwa. Mbwa huugua pia, naye huvibeba mpaka bustanini na mpaka mlangoni. Vichome moto, au vizike katika shimo lenye kina cha kufika kiunoni mwa mtu mzima, mbali na kisima na mbali na bustani. Nyunyiza chokaa kama ipo. Fukia, kisha weka mawe na miiba juu yake ili mbwa na fisi wasifukue. Kusanya majani na udongo uliolowa, uvitie shimoni humohumo. Mbuzi mwenyewe atengwe na wenzake.

Na bustani je? Jua kali huviua vijidudu hivi, lakini katika samadi mbichi, penye unyevu na kivuli, huishi muda mrefu. Kwa hiyo samadi isitoke zizini kwenda moja kwa moja kwenye mchicha. Irundike pembeni, ioze kwa miezi kadhaa mpaka iwe kama udongo mweusi usionuka. Mboga zenyewe zitapenda zaidi. Wanambuzi nao wajengewe kibanda chao imara chenye mlango, watoto wabaki na chumba chao.

Kuna hali moja ambayo haingoji kesho. Mvua zikinyesha kupita kiasi, kisha mbuzi wengi, kondoo na ng'ombe wakatupa mimba kwa wakati mmoja, na wanambuzi wakafa kwa wingi, hiyo huenda ikawa Homa ya Bonde la Ufa. Wazee wa Dodoma wanaikumbuka ile ya mwaka 2007, iliyoua mifugo na watu. Hapo usichinje, usichune, usile mzoga. Toa habari siku hiyohiyo kwa Bwana Mifugo na kwa zahanati.

DAWA IPO, LAKINI NI NDEFU

Yule baba nilimpeleka hospitali ya wilaya. Huko walimpima damu, wakauona ugonjwa. Walimpima na kifua kikuu pia, kwa sababu jasho la usiku na kukonda huweza kutokana na kifua kikuu vilevile. Mkewe, watoto na yule binti mwenye mimba walipimwa. Mtoto mmoja wa kiume wa miaka kumi na miwili, mchungaji wa mbuzi, alikutwa nao. Binti hakuwa nao.

Ugonjwa huu hautibiwi kwa dawa ya siku tatu. Hutibiwa kwa dawa mbili zinazotumika pamoja, na kwa kawaida muda wake ni wiki sita. Usinunue dukani kwa kubahatisha. Moja ya dawa zinazotumika sana hapewi mwanamke mwenye mimba, wala mtoto mdogo. Wao huchaguliwa nyingine. Ni kazi ya hospitali kuchagua.

Taabu ni kwamba mgonjwa hupata nafuu mapema. Siku ya kumi yule baba alikuwa amelala usiku mzima bila jasho, naye akataka kuacha vidonge. "Mwanangu," aliniambia, "dawa imekwisha fanya kazi yake. Kwa nini niendelee kuitesa tumbo?" Nilimweleza kwamba vijidudu vimejificha ndani ya mwili, na akiacha sasa homa itarudi. Pengine itaingia katika uti wa mgongo, au katika mapumbu, na kwa watu wachache hufika hata moyoni.

Mkewe alipata njia iliyo bora kuliko maneno yangu. Wiki sita ni siku 42. Alihesabu punje 42 za mahindi, akazitia katika kibakuli juu ya rafu. Kila siku baba akishameza dawa za siku hiyo, punje moja hutolewa na kupewa kuku. Punje zikibaki bakulini, dawa haijaisha. Mtoto naye akawekewa kibakuli chake, na baba aliona aibu kushindwa na mtoto.

MBUZI WANNE

Sasa nifike penye uchungu. Bwana Mifugo alipima damu ya mbuzi wote kumi na wawili. Wanne walikutwa na ugonjwa. Mmoja wao ni yule mweupe, ambaye kwa maziwa aliwashinda wote.

Baba alitaka kuwapeleka mnadani. Simlaumu. Mbuzi wanne ni sare za shule, ni madaftari, ni nauli ya kwenda hospitali. Lakini mbuzi huyo akiuzwa mnadani, ugonjwa unahamia zizi la mtu mwingine. Huko nako kuna mama anayekama na watoto wanaokunywa. Na kumtibu mbuzi kwa sindano si njia ya kutegemea, maana dawa ni nyingi, gharama ni kubwa, na bado anaweza kubaki na vijidudu.

Walichinjwa mbele ya Bwana Mifugo. Mchinjaji alivaa glavu na kufunika pua na mdomo. Tumbo la uzazi, kiwele na mapumbu vilizikwa. Nyama ilipikwa mpaka ikaiva kabisa, na nyama iliyoiva namna hiyo haina hatari. Hakuna aliyewalipa fidia. Sitakuambia kwamba hasara hiyo ni ndogo. Nilikuwapo, nikamwona mama akigeuka kando mbuzi mweupe alipokamatwa.

Wanane waliobaki walipimwa tena baadaye, wakaonekana wazima. Kwa hiyo zizi halikufa.

UKIFIKA ZAHANATI

Kama una homa inayokwenda na kurudi, usingoje kuulizwa. Sisi waganga nasi husahau, kama nilivyosahau mimi. Sema mwenyewe: "Ninafuga mbuzi. Mmoja alitupa mimba mwezi fulani. Nilimshika kwa mkono. Tunakunywa maziwa mabichi." Maneno hayo machache yatamsaidia mganga kujua pa kuanzia. Kama zahanati haina kipimo, omba barua ya kwenda penye kipimo.

Siku ya 42 yule baba alikuja zahanati bila fimbo. Alitoa mfukoni punje ya mwisho ya mahindi, akaiweka juu ya meza yangu. Kisha akaniuliza kama anaweza kununua mbuzi wengine wa kujaza nafasi za wale wanne. Nilimwambia anunue kwa mtu ambaye zizi lake Bwana Mifugo amelipima, aulize kama mbuzi hao wamewahi kutupa mimba, na akifika nao nyumbani awatenge siku 30 na kuwapima tena kabla ya kuwachanganya na wenzao. Alisema atajenga zizi dogo la pili upande wa pili wa bustani. Wiki iliyofuata nilipopita, miti ya zizi hilo ilikuwa imekwisha simikwa.